Puck katumwa na nani? Jibu kwa mwigizaji wa Mwanza

*Swali: Shikamoo Mwalimu. Niko mwaka wa pili chuoni hapa Mwanza. Kikundi chetu cha maigizo kinaandaa* A Midsummer Night's Dream *ya Shakespeare kwa Kiswahili, na mimi nimepewa nafasi ya Puck. Mwongozaji wetu anataka nimwigize kama jini mbaya, watu waogope. Wenzangu wanasema Puck ni Sungura wa Wazungu, kwa hiyo nichekeshe tu. Mimi nikisoma naona mtumishi aliyechoka kutumwatumwa. Nani yuko sahihi? Na je, msichana anaweza kuwa Puck?*

Marahaba, binti yangu. Nianze na swali la mwisho, maana halina ubishi. Mwaka 1856, Charles Kean alipoiweka tamthilia hii jukwaani London, Puck wake alikuwa msichana wa miaka 9, Ellen Terry, ambaye baadaye alikuja kuwa mmoja wa waigizaji wakubwa kabisa wa Uingereza. Aliibuka kutoka chini ya jukwaa akiwa ameketi juu ya uyoga, na usiku mmoja mlango wa sakafuni ukambana kidole cha mguu kikavunjika. Kwa hiyo cheza bila wasiwasi, ila jukwaa lenu likaguliwe kwanza.

Tuje kwenye mzozo wenu. Kwa faida ya ambao hawajaisoma: tamthilia hii iliandikwa karibu na mwaka 1595 au 1596, ikachapwa mara ya kwanza 1600. Oberon, mfalme wa vibwengo katika msitu ulio nje ya mji wa Athens, amegombana na mkewe Titania. Wanagombea mtoto wa Kihindi. Mama yake alikuwa mfuasi wa Titania, alifariki akijifungua, na Titania anamlea kwa ajili ya mama huyo. Oberon anamtaka awe mtumishi wake. Usiku huohuo vijana wanne wa mjini wanaingia msituni. Hermia na Lysander wanapendana na wanatoroka, Demetrius anamfuata Hermia, na Helena anamfuata Demetrius ambaye hamtaki. Mafundi wa mjini nao wamo humo, wanafanya mazoezi ya igizo la harusi ya mtawala wao, Theseus. Oberon anamtuma Puck akalete ua fulani ambalo maji yake yakipakwa kwenye macho ya aliyelala, mtu huyo akiamka humpenda kiumbe wa kwanza atakayemwona. Vurugu zote zinaanzia hapo.

Kabla hujaamua Puck ni mwema au mwovu, chukua penseli upitie maandishi yote. Kando ya kila tendo andika mambo mawili: nani kaamuru, na mkono wa nani umetenda. Nakwambia hivi kwa sababu chambuzi nyingi za wanafunzi humtwisha Puck kila kitu. Wanaandika, "Puck anawapaka watu dawa ya mapenzi." Watu gani? Titania alipakwa na Oberon mwenyewe. Demetrius alipakwa na Oberon mwenyewe, katika sehemu ya tatu, baada ya kosa kugundulika. Puck alimpaka mtu mmoja tu, Lysander, mara ya kwanza kwa kukosea na mara ya pili kwa dawa ya kumponya. Demetrius yeye haponywi kabisa. Anakwenda kufunga ndoa na Helena dawa ikiwa bado machoni. Kama kuna uovu katika jambo hilo, na mimi naona upo, aliyeutenda ni mfalme.

Ukimaliza zoezi hilo utaona kwamba swali la "Puck ni nani" linajibiwa na swali jingine: katumwa na nani? Msimamo wangu ni huo, na kwa msimamo huo wote watatu mmepata kidogo na mmekosa kidogo.

Wenzako wanaosema Sungura wamevutiwa na ujanja wa Puck, lakini hawakutazama anaufanyia nani. Sungura wa hadithi zetu ana mwili mdogo, ana njaa, na mbele yake yupo Simba au Fisi. Akikosea hesabu analiwa. Tunamcheka Fisi kwa raha kwa sababu yeye ndiye mwenye nguvu na mwenye tamaa. Abunuwasi naye ndivyo alivyo, anashindana na sultani mwenye uwezo wa kumkata kichwa. Sasa mtazame Puck katika sehemu ya pili, onyesho la kwanza, pale anapokutana na kibwengo anayemtambua. Sifa zinazotajwa pale, nyingine na kibwengo, nyingine na Puck mwenyewe kwa majivuno, ni hizi: anawatisha wasichana wa kijijini, anaengua utando wa maziwa, anamfanya mama anayesuka maziwa asuke mpaka ahemewe bila kupata siagi, anaizuia pombe isiumuke, anawapoteza wasafiri wa usiku kisha anawacheka. Anajigeuza tufaha la kuchoma ndani ya bakuli la pombe la bibi kizee, na bibi akinywa, pombe inamwagikia shingoni. Anajigeuza kigoda cha miguu mitatu. Bibi mwingine anapokalia huku akisimulia kisa cha huzuni, kigoda kinachomoka, bibi chini, na baraza zima kicheko.

Bibi yeyote wa Magu aliyewahi kutikisa kibuyu cha maziwa angemjua huyu mara moja, na angemlaani. Katika orodha ile hayumo mwenye cheo hata mmoja. Theseus, mtawala wa Athens, hasumbuliwi na lolote. Egeus, babaye Hermia, ambaye mwanzoni kabisa mwa tamthilia anaomba sheria imuue binti yake akikataa kuolewa na Demetrius, haguswi. Kama kuna mtu katika tamthilia nzima aliyestahili kuchomokewa na kigoda ni huyo. Sungura angempata. Puck hata hana habari naye. Ujanja wake unawashukia walio chini, na ukimwigiza kama Sungura hadhira itakaa ikimsubiri Fisi ambaye hatokei.

Sasa wewe na mtumishi wako aliyechoka. Utumishi umeuona sawasawa. Puck mwenyewe anasema kazi yake ni kumchekesha Oberon mpaka atabasamu. Lakini huo uchovu umeutoa wapi? Anapotumwa kulifuata ua anasema ataizunguka dunia kwa dakika 40. Anapotumwa tena anaitikia: naenda, naenda, tazama ninavyokwenda, mbio kuliko mshale wa upinde wa Mtatari. Huyu anaipenda kazi yake na anampenda bosi wake. Vijana wa siku hizi wangemwita chawa, na sitawabishia sana, ila chawa husifu tu, wakati Puck akilaumiwa anajibu. Uchovu uufute kabisa kwenye mwili wako. Miguu yako iwe imeshaanza kuondoka kabla Oberon hajamaliza sentensi.

Pale anapojibu ndipo penye utamu wote wa mhusika huyu, kwa hiyo twende polepole. Oberon amemwambia: utamtambua kijana kwa mavazi ya Athens aliyovaa. Oberon hajui kwamba msituni wamo vijana wawili wenye mavazi hayo. Puck anazunguka msitu mzima, anamkuta kijana amelala, mavazi ni ya Athens, na binti amelala mbali naye kwenye ardhi yenye unyevu. Sisi tunajua kwa nini binti yuko mbali. Hermia ndiye aliyemwomba Lysander asogee, kwa kuwa hawajaoana. Puck hajui. Anachokiona ni binti aliyedharauliwa. Anamhurumia, anamwita kijana mtu asiye na mapenzi wala adabu, kisha anampaka dawa kwa hasira.

Zingatia kwamba hapo wenzake jukwaani wote wamelala. Anaongea peke yake, na hakuna wa kumdanganya. Uzungumzi nafsia wa namna hiyo katika Shakespeare ni ushahidi mzito kuliko maneno ambayo mhusika anamwambia mkubwa wake. Kwa hiyo Oberon anapomkaripia baadaye kwamba amezembea kama kawaida yake, au amefanya kusudi, na Puck akajitetea kwamba amekosea tu, kwani si wewe uliyeniambia nitamjua kwa mavazi, sisi hadhira tunajua anasema kweli. Agizo lenyewe lilikuwa na upungufu.

Lakini hakomei hapo. Anaongeza kwamba amefurahi mambo yalivyotokea, kwa maana ugomvi wa wale vijana kwake ni mchezo. Muda mfupi kabla ya hapo ameshasema kwamba mambo yanayomfurahisha zaidi ni yale yanayokwenda kichwa chini miguu juu. Hakukusudia, na wala hajuti. Mambo hayo mawili yanakaa pamoja ndani ya mtu mmoja, na waigizaji wengi hushindwa kuyashika yote. Mmoja humfanya mkorofi wa makusudi, anaikonyeza hadhira wakati anampaka Lysander dawa. Mwingine humfanya mtoto aliyekosea, anainamisha kichwa mbele ya Oberon. Usikonyeze na usiiname. Mpake Lysander kwa uchungu wa kweli, kama anayemtetea dada yake. Ukija kuambiwa umekosea, jitetee sekunde moja, kisha ucheke.

Tendo kubwa ambalo hakutumwa na mtu ni moja tu, kichwa cha punda. Mafundi wapo mazoezini: Quince seremala, Snout fundi bati, ambaye enzi za koroboi angepata wateja wengi pale Makoroboi hapa Mwanza, Bottom mfumaji anayetaka kuigiza kila nafasi peke yake, na wenzao. Puck anapita, anawaona karibu na kitanda cha malkia, anasema atakaa awatazame, na ikibidi naye ataigiza. Bottom anaingia kichakani, anatoka na kichwa cha punda. Wenzake wanatimua mbio, na Puck anawafukuza kwa kujigeuza farasi, mbwa, nguruwe, dubu asiye na kichwa, moto.

Msikilize anapokwenda kutoa taarifa kwa Oberon. Anawaita mafundi wale watu wasiostaarabika wanaofanya kazi za mikono kwa ajili ya mkate. Hiyo ni dharau ya mtu wa ikulu. Na Oberon, aliyepanga tu kwamba mkewe apende mnyama yeyote, anapoambiwa kwamba Titania ameamka akampenda punda, anasema limetokea jambo zuri kuliko alivyopanga yeye. Hata ule utundu wa kujitolea faida yake inaingia mfukoni mwa bosi. Mtumishi amejua kitakachompendeza bwana kabla bwana hajakisema. Mimi naona hapo panatisha kuliko jini lolote, lakini panatisha taratibu, watu wakiwa wanacheka.

(Kwa njia, Bottom hapati hasara. Ni binadamu pekee katika tamthilia nzima aliyelala mikononi mwa malkia wa vibwengo, akakunwa kichwa na kuagiza asali. Akiamka anakuwa na ndoto ambayo hawezi kuisimulia. Mwongozaji wenu akipata nafasi, apalee pale. Waongozaji wengi hukimbilia masikio ya punda na kuisahau ile asubuhi.)

Nimjibu sasa mwongozaji wenu kwa heshima yake. Hoja ya jini mbaya inapingwa na maandishi yenyewe. Kuelekea alfajiri, katika sehemu ya tatu, Puck anamhimiza bwana wake wafanye haraka, maana mizimu iliyozikwa njia panda na ndani ya maji imeanza kurudi kaburini kwa kuogopa mwanga. Oberon anamjibu kwamba wao ni roho za aina nyingine, na yeye mwenyewe amecheza na asubuhi mara nyingi. Isitoshe, Puck, au Robin Goodfellow kwa jina lake la kijijini, Shakespeare hakumbuni. Mwaka 1584 Reginald Scot aliandika habari za imani ya watu wa Uingereza juu ya Robin Goodfellow, aliyewekewa bakuli la maziwa kwa kuwa usiku wa manane alikuwa akiwasagia watu nafaka na kuwafagilia nyumba. Yule kibwengo wa sehemu ya pili naye anasema wanaomwita Puck kwa jina zuri hufanyiwa kazi zao na hupata bahati. Huyo ni kiumbe wa nyumbani, anakorofisha na anasaidia.

Kama mwongozaji anataka hofu, na tamthilia hii inahitaji hofu kidogo, hofu hiyo ipo katika hotuba ya Titania kwenye onyesho lilelile la sehemu ya pili. Mito imefurika, fahali wamevuta jembe bure, jasho la mkulima limepotea, nafaka imeozea shambani kabla ya kukomaa, kunguru wamenenepa kwa mizoga ya mifugo iliyokufa kwa maradhi. Chanzo cha yote ni mume na mke wakubwa wanaogombana. Puck hatajwi humo hata kwa herufi moja. Mtazamaji wa Misungwi au Sengerema anayelima kwa jembe la ng'ombe hahitaji kutafsiriwa hotuba hiyo. Isemwe polepole, bila ngoma wala moshi, na Oberon asimame kimya akisikiliza hasara aliyochangia kuileta. Hofu yote mnayoitaka mtaipata hapo, bila wewe kutoa meno.

Peter Brook alipoiongoza mwaka 1970 kule Stratford, Uingereza, aliondoa msitu wote. Jukwaa likawa sanduku jeupe, waigizaji wakaning'inia kwenye bembea za sarakasi, na lile ua likawa sahani inayozungushwa juu ya kijiti. John Kane aliyecheza Puck alicheza pia Philostrate, mtumishi anayemtafutia Theseus burudani. Mtu mmoja, kazi ileile mchana na usiku: kuhakikisha mkubwa hachoki kufurahi. Kikundi chenu kikiwa na watu wachache, fanyeni hivyo. Mtaokoa mwigizaji, na hadhira itaelewa jambo ambalo mimi nimetumia kurasa kulieleza.

Yapo maneno mawili ya mwisho ambayo ningekuomba uyafanyie mazoezi kuliko yote. La kwanza ni hotuba ya usiku, baada ya watu wa harusi kwenda kulala: simba mwenye njaa ananguruma, mbwa mwitu anaulilia mwezi, bundi analia, makaburi yamefunguka. Hapa mpe mwongozaji wako jini lake. Shusha sauti, punguza mwendo, watu waanze kutazama nyuma ya viti vyao. Ukishawapata, sema umetumwa mbele na ufagio ufagie vumbi nyuma ya mlango, na ufagie kweli. Tumia ufagio wa chelewa, wa kuinamia, si ule wa mpini mrefu wa dukani.

La pili ni kuaga. Wote wameondoka, Puck amebaki peke yake mbele ya watu. Anasema kama sisi vivuli tumewaudhi, basi chukulieni mlisinzia tu na haya yalikuwa ndoto. Watu wengi hapa kwetu wakisikia maneno hayo humfikiria mtani: yule anayeingia kaburini kwenye msiba, anadai hela ndipo atoke, na hakuna anayekasirika. Ulinganisho huo unasaidia mpaka mahali fulani. Mtani anavumiliwa kwa sababu deni linazunguka. Leo kakufanyia wewe, kesho utamfanyia yeye kwake. Puck usiku kucha hakudaiwa na mtu. Hakuna bibi aliyeweza kumchomolea kigoda, na Bottom hakumjua hata aliyemgeuza kichwa. Sasa Oberon hayupo tena wa kumkinga, na mbele yake wamekaa binadamu walewale aliowaita wapumbavu katika sehemu ya tatu. Anawaomba wasimzomee. Anaahidi kurekebisha makosa. Tangu tamthilia ianze, hii ndiyo mara ya kwanza anaogopa mtu.

Kwa hiyo pale usichekeshe na usitishe. Simama wima, weka ufagio chini, tafuta macho ya watu wa safu ya nyuma, useme kama mtu anayeomba kweli na hana uhakika atapewa. Hadhira ya Mwanza haikai kimya, utaitikiwa, pengine mtu atapaza sauti kwamba mmetuudhi sana. Mjibu hapohapo, kwa Kiswahili au kwa Kisukuma, kisha rudi kwenye mstari unaofuata, ule wa kuwaomba mikono yao.